Tarumbeta la Wifi na Mikono ya Kushoto

Wifi yangu ni mkataji. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu watu wakisikia karakana ya kushona sare wanadhani sote humo ndani ni wa cherehani. Sisi wa cherehani tuko wengi, safu mbili kutoka mlangoni hadi kwenye pasi. Mkataji ni mmoja. Anasimama peke yake kwenye meza ndefu, anafungua jora, anatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka yafike sitini, anaweka pateni, ile karatasi ya mfano, anachora kwa chaki, kisha anapitisha ile mashine ya kukatia yenye wembe uliosimama wima. Sisi tukikosea mshono tunafumua. Yeye akikosea amekosea mara sitini, na hakuna wa kufumua.

Ndiyo maana akiwa anakata hasemi na mtu. Ulimi unakaa pembeni ya mdomo, macho hayapepesi, na ukimwita utangoja hadi afike mwisho wa mstari. Wageni wanadhani anaringa, lakini mwenzao yuko kazini.

Mimi ni dada mkubwa wa mumewe. Kwa kweli mimi ndiye niliyemfungua macho kaka yangu kwamba pale kazini kwetu kuna mkataji mpya, mpole, hana mtu, na kaka yangu asipochangamka atawahiwa. Akachangamka. Kwa hiyo katika ndoa ile najiona nina haki ya kusema, na hata nisingekuwa nayo ningesema tu. Mdomo wangu hauna breki. Nimeambiwa na wengi, na mara nyingi nimecheka nao.

Tarumbeta lilianza miaka sita iliyopita, tena lilianzia kazini. Kuna bendi ya matarumbeta ya mtaani kwetu, watu wa kawaida tu: fundi bomba, muuguzi, vinyozi wawili, na wengine wa namna hiyo. Kiongozi wao ni mzee aliyestaafu kazi ya kupeleka barua, kila mtu anamwita Tarishi. Walitaka sare, na wifi akatumwa kwenye ukumbi wao, nyuma ya duka la rangi, akawapime. Alipokuwa akimsubiri mmoja aliyechelewa, akaona tarumbeta kwenye kiti kisicho na mtu, akalishika. Tarishi akamwambia apulize. Kilichotoka, kwa maelezo yake mwenyewe, kilifanana na mlio wa mbuzi aliyekanyagwa. Alirudi kazini vipimo vyote vimekaa sawa, mdomo umevimba, na uso unang'aa kama mtu aliyepata habari njema.

Tangu hapo kila Alhamisi jioni, saa kumi na moja hadi saa moja, wifi alikuwa bendi. Tarumbeta alilibeba ndani ya foronya kuukuu ya mto. Mimi nilimtania sana. Mwanamke amepita arobaini, ana watoto wawili wa shule, mashavu yamejaa upepo! Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na yeye alisema afadhali, sasa majirani watapumzika kulalamikia mashine yake, wapate kitu kipya. Lakini alikuwa akimpigia pasi shati la bendi, nilimwona.

Siku moja nikamuuliza wifi kwa dhati, si kwa utani, ni kitu gani hasa anakipata kule. Alifikiri kidogo.

"Wifi," akasema, "nikikata vibaya, imekatwa. Nikipuliza vibaya, narudia."

Nilimwona anajibu kama watu wa vitabuni, nikaendelea na chai yangu.

Sasa nije kwenye makoti. Mwenye karakana tunamwita Futi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila futi ya kupimia shingoni. Wengine wanasema anaoga nayo. Mbele yake tunamwita bosi. Si mtu mbaya, ila ana wasiwasi. Mwaka huu akapata kazi ya makoti sitini ya walinzi. Kitambaa kilikuwa kizito, na hapa ndipo pa kuangalia: kilikuwa na uso na nyuma. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Vitambaa vyetu vya kila siku, vya mashati ya shule, ni sawa pande zote, hata ukivitandaza ovyo mkono wa kushoto ukigeuzwa unakuwa wa kulia. Hiki hapana. Kitambaa chenye uso unakitandaza uso kwa uso, tabaka moja linatazama juu na linalofuata linatazama chini, ili kila mkono wa kushoto upate wa kulia wake.

Mwili wa makoti ulikatwa siku ya kwanza, ukawa sawa. Mikono ikakatwa siku ya pili, Ijumaa asubuhi. Mafungu yakaja kwetu, nami nikaanza. Nikashika mkono wa kwanza, wa kushoto. Nikachukua mwingine, wa kushoto. Nikachukua wa tatu, nikautazama ile sehemu ya mbele inapochimbwa karibu na kwapa, nikauweka chini, nikaenda kwenye fungu la jirani yangu. Nako vilevile. Mikono mia na ishirini, yote ya kushoto.

Nilimwita wifi. Alikuja, akashika mkono mmoja, akaugeuza nje na ndani, halafu akarudi mezani na kutazama mabaki. "Nimetandaza uso juu," akasema. Yote uso juu, kama mashati. Cherehani zikanyamaza moja moja, na Futi akatoka ofisini kwa sababu ya ule ukimya.

Aliuliza imekuwaje. Aliuliza tena, safari hii kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya zaidi. Miaka kumi na minne mkataji wake hajamharibia hata kola. Wifi alisimama tu, mikono imejaa chaki. Na mimi, kwa kuwa sikuweza kuvumilia ukimya ule, nikausemea.

"Ni hilo tarumbeta, bosi," nikasema. "Kichwa chake siku hizi kiko bendi."

Nilijiambia namsaidia. Bora Futi asikie mtu ana jambo linalomchanganya kuliko afikiri mtu amechoka na kazi. Ndivyo nilivyojiambia. Watu walicheka, kicheko cha kupata nafuu, na mimi nikafurahi kidogo kwamba nimewachekesha. Wifi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyefungua mdomo aseme kitu, kisha akakimeza.

Futi naye alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta, yaani sababu. Akasema basi wifi achague, meza au tarumbeta, kwa sababu yeye hawezi kumkabidhi wembe mtu ambaye kichwa hakipo. Wifi akasema, "Sawa, bosi. Sitaenda tena." Ikaisha hivyo, dakika tano hazikufika. Kitambaa kingine kikatafutwa, makoti yakachelewa, na mkono mmoja wa kushoto Futi akautundika kwenye msumari ukutani, juu kidogo ya meza ya kukatia, ili kila mtu akumbuke.

Tarumbeta likapanda juu ya kabati na foronya yake.

Kazi ya wifi baada ya hapo haikuwa na kasoro hata moja, na ilikuwa taabu kuiangalia. Alitandaza, akahesabu, akafunua pembe, akahesabu tena. Alichora, akafuta, akachora. Kazi ya saa mbili ikawa ya saa tatu na nusu. Kila alipoinua macho aliuona ule mkono unaning'inia. Saa sita alikula peke yake, si kwa kununa, ila alisema kichwa kinamuuma. Mimi nilimpitishia utani mara mbili tatu, akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtu usiyemjua vizuri. Hilo liliniuma, nikajitia hamnazo.

Kaka yangu akanijia. Alisema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia saa ya ukutani. Alisema mkewe anaweza kuacha kijiko katikati ya chakula na kumuuliza, hivi lile tabaka la chini nililigeuza? Kana kwamba yeye, fundi vyuma, anajua. Akaniomba nizungumze naye, wanawake kwa wanawake. Nikamwambia atazoea. Nikasema kila mtu mzima ana kitu alichokiacha, mbona mimi niliacha kusuka ukili wa mikeka na sikufa? Kaka yangu akaniambia, "Dada, wewe uliacha mwenyewe."

Ikapita miezi miwili. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwao, napinda pindo la gauni la binti yao, Tarishi akabisha hodi. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. Alikuwa amevaa vizuri, kofia mkononi, na kwapani amebana daftari kubwa jeusi. Alikuwa na aibu na safari yake. Tarumbeta ni mali ya bendi, alisema, na kuna mwalimu wa shule anayesubiri nafasi. Kama mama hana mpango wa kurudi, basi atie sahihi ya kurudisha, yamekwisha. Wifi akaitikia bila kusita. Akaenda chumbani kulishusha.

Tarishi akafungua daftari mezani kutafuta mstari wa kutia sahihi. Nikacheka kimoyomoyo. Mzee wa watu alikuwa anaendesha bendi kama barua za rejista: kila Alhamisi tarehe, kila mpigaji jina, kila jina na sahihi yake akifika. Sikuombwa kuangalia, lakini lilikuwa wazi mbele yangu, na macho yangu yanafanana na mdomo wangu. Niliona sahihi ya wifi ukurasa baada ya ukurasa, ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu. Miaka sita. Sikuona pengo isipokuwa ile wiki aliyojifungua dada yake. Halafu mwishoni, kabla ya mstari aliokatwa jina, nafasi tatu tupu.

Nikamwambia Tarishi amekosea. Wifi aliacha bendi baada ya makoti, na makoti yalikatwa Ijumaa, kesho yake ya Alhamisi hii hapa, nikamwekea kidole. Nafasi tupu ziko kabla. Tarishi akavaa miwani. Akanijibu taratibu kwamba yeye katika daftari hakosei. Alhamisi hizo tatu mama hakuja. Aliomba ruhusa, na yeye aliandika pembeni, nisome mwenyewe. Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa posta: *udhuru wa kifamilia*.

Udhuru gani? Nilianza kuuliza kwa sauti, na kabla sijamaliza nikajua.

Ulikuwa udhuru wangu. Nilikuwa nimechukua kazi ya pembeni, mapazia ya nyumba ya wageni, madirisha makubwa, kitambaa kirefu. Mkono wangu kwenye mkasi siuamini. Nikamwambia wifi nisaidie siku moja tu. Siku yake ya kutoka mapema ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nikamwambia Alhamisi. Siku moja ikawa tatu. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kazini, akapiga magoti sakafuni, akanikatia mapazia tangu saa kumi na moja hadi giza lilipoingia, nami nikichemsha chai na kupiga domo. Kitambaa changu kilikuwa hakina uso wala nyuma. Matabaka yote tuliyatandaza upande mmoja, kwa urahisi. Mara ya tatu aliinuka ameshika kiuno, akacheka, akasema magoti yake yamezeeka kabla yake. Asubuhi yake, Ijumaa, ndiyo akakata mikono ya makoti.

Kwa hiyo siku aliyokosea, wifi alikuwa hajagusa tarumbeta wiki ya tatu. Kama kuna kitu kilichomfuata mezani, yalikuwa mapazia yangu.

Nataka nieleweke. Sikudanganya siku ile mbele ya Futi. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau kabisa, kama mtu anavyosahau maji aliyokunywa jana, na nikikaa peke yangu sijui kama kusahau huko si kubaya kuliko uongo. Muongo angalau anajua alichopewa.

Wifi akatoka chumbani na foronya yake. Alikuwa amelifuta tarumbeta vumbi, na foronya alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Aliniona nilivyo, akaliona daftari, akaelewa.

"Zile Alhamisi tatu ulikuwa kwangu," nikasema.

"Najua."

"Mbona hukusema, wifi? Nilisema vile mbele ya watu wote, na wewe umesimama palepale."

Akaweka foronya mezani polepole. "Ningekujibu, tungekuwa mawifi wawili wanagombana kazini. Na wewe ulikuwa unacheka. Nikaona kama kweli hukumbuki, basi nikikukumbusha nitakuwa nakudai."

Nikamwambia nilisema vibaya, na kwamba ningeweza kuyarudisha maneno yale mdomoni ningeyarudisha. Akatikisa kichwa.

"Maneno si kitambaa," akasema. "Hayo unaweza kuyarudia."

Tarishi alikuwa anatazama dirishani kwa bidii, kama mtu asiyesikia. Kisha akafunga daftari. Akasema ameona kalamu yake haina wino, atapita Jumamosi ijayo, na kwa sasa mzigo ubaki ulipo. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, imechomoza, na wino ulikuwemo.

Jumatatu saa nne, wakati wa chai, nilisimama kati ya safu mbili za cherehani. Nimezoea kusema nikiwa nimekaa, shingo nimeigeuza nyuma. Nikamwomba Futi atoke ofisini. Nikayarudia maneno yangu. Nilisema siku ile mlinisikia mkacheka, na nilichosema hakikuwa kweli. Nikaeleza mapazia, Alhamisi tatu, magoti, kila kitu, na sikutia utani hata mmoja. Safari hii hawakucheka. Wifi alikuwa mezani kwake, ameinamia chaki, masikio yamewiva.

Futi hakufurahi. Alisema Alhamisi ni siku ya kazi kama nyingine, na makoti yalichelewa, liwe tarumbeta liwe pazia. Alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Bosi," nikamwambia, "miaka sita alipuliza kila wiki, na hakukukosea. Wiki tatu hakupuliza, akakosea. Mimi si msomi, lakini hesabu hiyo inasema nini?"

Futi alishika ncha mbili za futi yake, akazivuta chini, akainamia namba zake. Kisha akasema, shingo upande, kwamba Alhamisi mkataji atatoka saa kumi na nusu akimaliza kilichotandazwa. Lakini hataki tena mtu mmoja abebe tabaka sitini peke yake. Kabla wembe haujaingia, lazima awepo wa pili wa kushika na kuthibitisha. Nikasema nitakuwa mimi. Nimekuwa mimi tangu siku hiyo. Wifi akishatandaza ananiita, naacha cherehani, nafunua pembe, nagusa uso, nagusa nyuma, namwambia haya. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Tulikuwa karakana ile miaka yote na hapakuwa na aliyeifikiria.

Ule mkono wa kushoto niliutoa msumarini mwenyewe. Futi aliniona, akarudi ofisini. Nikaenda nao nyumbani. Nikaziba upande wa kiganja kwa mshono mara mbili, upande wa bega nikauwekea kamba ya kukaza, ndani nikautia kitambaa laini. Alhamisi saa kumi na nusu wifi alikuwa bado anazunguka meza, anafuta chaki isiyokuwepo, anaogopa kutoka. Nikamfuata. Tukalitoa tarumbeta kwenye foronya, tukalitia kwenye mkono wa koti: domo pana likakaa begani, bomba jembamba likashuka hadi kiganjani. Lilienea kana kwamba lilipimwa.

"Huu ni wa kushoto," akasema.

"Ni wa kushoto," nikamjibu. "Liulize tarumbeta kama linalalamika."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu makoti, kicheko chake kile cha puani, na akaondoka akiwa bado anacheka.

Wiki iliyopita nilikwenda ukumbini kumsikiliza. Sikuwahi, miaka yote sita. Nilikaa nyuma, kwenye kiti cha chuma, akanipa lile fuko nimshikie. Kuna wimbo wao wenye sehemu inayopanda, na yeye ndiye anayeipandisha peke yake. Akapanda, sauti ikamkatikia. Nilishtuka, nikajikunja kwenye kiti kana kwamba nimesikia wembe umepita mahali pabaya. Kumbe hakuna aliyegeuka. Tarishi aligonga kijiti chake, wote wakarudi nyuma hatua chache, na wifi akaanza upya. Sauti ikamkatikia tena. Akajifuta midomo, akamwambia kinyozi neno wakacheka, akaanza upya.

Mara ya nne akafika juu. Nikajikuta nalia, na sikuwa na leso, nikajifuta kwa ule mkono wa koti uliokuwa mapajani mwangu.